Njooni Hata Kesho

Simu ilipoita nilikuwa naandika busu. Ilikuwa sura ya mwisho, mahali ambapo mpiga chapa mmoja wa Moshi, baada ya kurasa mia mbili za kuchanganya barua za watu, anashikwa mkono na mwanamume aliyempenda tangu sura ya pili. Wasomaji wangu, ambao wengi ni wanawake wanaosubiri zamu saluni, wanataka busu hilo liwepo, na wanataka lije bila haraka. Aliyepiga alikuwa Pantaleo, mdogo wake Felista, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara nyingi asubuhi ile. "Dada Nsia, dada yetu ametutoka. Alfajiri, hapa hapa nyumbani." Nikampa pole. Nikamuuliza mazishi yatakuwa lini, nikaandika siku pembeni ya karatasi, nikakata simu, kisha nikamalizia busu. Nasema hivi bila kujisifu na bila kujilaani. Sentensi ilikuwa imebaki nusu, nikaimalizia, na ilitoka sentensi nzuri. Nikaosha kikombe. Nilisubiri kitu kije, kile ambacho watu wa kwenye vitabu vyangu hupatwa nacho wakiletewa habari, magoti kulegea au pumzi kukatika. Hakikuja. Ilikuja njaa, nikala ndizi mbivu mbili nikiwa nimesimama.

Nimeandika riwaya kumi na moja za mapenzi ya kuchekesha, na hiyo iliyokuwa mezani ilikuwa ya kumi na mbili. Naandikia hapa Moshi, kwenye chumba ambacho kingekuwa cha mtoto kama ningepata mtoto, meza ikiwa imeelekea ukuta. Watu wakinitembelea hushangaa kwamba sikuielekeza dirishani, maana siku za mawingu machache mlima unaonekana wote. Mlima haunisaidii kitu. Kinachonisaidia ni kukumbuka namna watu wanavyosema, na hilo nalifanya vizuri zaidi nikitazama rangi ya ukuta. Kwenye mikutano ya wasomaji huniuliza, "Mama, haya mambo unayatoa wapi?" Huwa najibu kwamba nasikiliza watu, wanacheka, tunapiga picha. Jibu hilo ni la kweli nusu. Mtu akizisoma riwaya zote kumi na moja kwa mfululizo, na sidhani kama yupo zaidi ya Felista, ataona kwamba katika kila moja kuna barua inayoharibu uchumba, na katika kila moja uharibifu huo unarekebishwa kabla ya sura ya mwisho. Barua hiyo niliiandika kweli. Niliiandika nikiwa na miaka ishirini, kule Bomang'ombe, na haikurekebishwa. Felista amekufa bila kuijua. Mama yake yu hai, yuko Kilema, na wakati napanga nguo nyeusi kwenye mkoba nilikuwa na swali moja tu: je, nimwambie?

Mwaka ule tulikuwa tumepanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mama mmoja muuza mkaa. Kilikuwa na vitanda viwili, na katikati tulitundika kanga ili kila mtu awe na chumba chake, ingawa tulikuwa tukiongea kupitia kanga hiyo mpaka mmoja alale. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopasuka, jiko la mafuta ya taa lilikaa mlangoni, na vumbi la mkaa liliingia kila mahali, hata kwenye sukari. Felista alikuwa amenizidi miaka mitatu. Alikuwa na mashavu ya kujaa na kicheko kilichoanza kabla ya jambo la kuchekesha kufika, kana kwamba alishaliona linakuja. Alifanya kazi kwenye mgahawa wa maziwa karibu na soko, na alasiri alirudi na maziwa mgando yaliyobaki, tukayanywa na viazi vya kuchemsha. Jumapili, akitoka misa na mimi nikitoka ibada, alipika kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja mpaka mwiko unasimama, na hatukula kwenye sahani. Tulikula kwenye sufuria, kila mmoja upande wake. Nimeandika karamu nyingi za harusi tangu wakati huo. Hakuna hata moja niliyoiandika bila kukumbuka ladha ya sufuria ile, na naweza kusema ladha hiyo sasa hivi naikumbuka kwa maneno tu, ulimi hauna habari.

Elinami aliingia katika maisha yetu na maziwa. Alikuwa kijana wa Masama, mrefu, mwenye aibu, aliyeendesha pikapu ya wafugaji wa kijijini kwao, akileta mitungi kila asubuhi. Kazi ya Felista ilikuwa kupima maziwa kwa kipimo cha kioo kuona kama yametiwa maji, na ya wafugaji wengine aliyapima mara moja. Ya Elinami aliyapima mara mbili. Nilikuwa nikipita pale kunywa chai kabla ya kazi, na nilisikia mazungumzo yao yote, ambayo hayakuwa na neno la mapenzi hata moja. "Leo mbona mepesi?" "Ng'ombe ni wale wale, dada." "Basi umewakimbiza njiani." "Labda wamekuota." Hapo Felista alicheka na kumwaga kipimo kizima sakafuni, na mwenye mgahawa akamkata jicho. Nilijifunza pale kwamba watu wanaopendana huzungumzia ng'ombe. Ni kanuni ambayo imenilisha hadi leo. Nikitaka wasomaji waamini mapenzi ya watu wawili, nawapa kitu kingine cha kubishania.

Mimi nilikuwa mpiga chapa kwa Mama Haika, mwanamke wa makamo aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja ng'ambo ya ofisi za wilaya. Kulikuwa na mashine mbili, benchi la wateja, na harufu ya wino na ya karatasi za kaboni. Watu walikuja na maombi ya kazi, malalamiko ya mipaka ya mashamba, na zaidi ya yote, barua za posa. Upande wa mume huandika, mshenga hupeleka, upande wa mke hujibu, na siku zile familia iliyokuwa na heshima zake ilitaka barua hiyo ipigwe chapa. Mteja alikaa kwenye benchi, akasema, mimi nikachapa. Mama Haika alikuwa na sheria moja na aliirudia kila Jumatatu. "Chapa kilichosemwa. Mtu akisema vibaya, ubaya ni wake. Ukimpambia, umemvua nguo." Niliona ni sheria ya mtu asiyependa lugha. Mimi lugha niliipenda. Nilikuwa nimesoma shule ya bweni, nilikuwa nikipata alama za juu kwenye insha, na mle ofisini nilianza kunyoosha sentensi za watu hapa na pale. Mkulima aliyesema "namtaka binti yenu" akatoka na "moyo wangu umemwelekea binti yenu." Hakuna aliyelalamika. Wengine walinishukuru. Nilikuwa nikijisikia kama mtu anayepitisha pasi kwenye shati la mwenzake.

Barua ya Masama kwenda Kilema sikuichapa mimi, aliichapa Mama Haika mwenyewe, neno kwa neno. Mshenga alikuwa Mzee Ndelilio, rafiki wa baba yake Elinami, mtu wa kikohozi na mzaha. Felista alilisubiri jibu kama matokeo ya mtihani. Kulikuwa na jambo moja tu la kuogopa, nalo ni dini. Wao Walutheri, Felista Mkatoliki, na baba yake, Mzee Apolinari, alikuwa mtu wa mstari wa mbele kanisani Kilema. "Baba hatakubali," Felista aliniambia kupitia kanga. "Atatafuta maneno ya kistaarabu, lakini atakataa. Namjua." Nikamwambia atakubali. Akasema, "Nikimkosa huyu, Nsia, sijui." Hakumalizia. Mimi, ambaye leo ningeijaza nafasi hiyo kwa ukurasa mzima, nilizima taa.

Baada ya majuma matatu Mzee Apolinari alishuka Bomang'ombe siku ya soko, kwa kuwa walikuwa wamekubaliana na mshenga kukutana hapo katikati na kukabidhiana jibu. Alivaa koti la misa, kofia ameishika mkononi, na alituletea mkungu wa ndizi ambao aliuweka kwenye benchi la ofisi na kukaa pembeni yake. Mama Haika alikuwa ameenda posta. "Shikamoo baba," nikasema. "Marahaba. Wewe ndiye unayekaa na Felista wangu. Anakula?" Nikasema anakula. "Vizuri. Sasa nataka barua ya mashine. Wao wameleta ya mashine. Tukipeleka ya kalamu watasema Kilema hakuna umeme." Nikamwambia mashine ile haikutumia umeme. "Wao hawajui hilo," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona Felista alikotoa mashavu yale.

Kisha alisimama. Ilikuwa kana kwamba barua haiwezi kusemwa mtu akiwa amekaa. Akasema polepole, akiangalia ukuta: "Barua yenu tumeipata. Tumeisoma tukiwa wanne. Suala la dini ni zito kwetu na hatuwezi kulirukia. Binti bado tunamhitaji nyumbani. Tupeni muda, nanyi mkiona vyema mrudi mtuulize tena." Akavaa kofia, akaivua. "Hapo nimewaheshimu," akasema. Nilidhani anatania. Sikuona heshima yoyote. Niliona mlango uliofungwa na mtu mwenye adabu, kama Felista alivyotabiri, na nikamwona Felista na kipimo chake cha kioo. Vidole vyangu vilikuwa tayari vinakwenda. Nilichapa: "Ndugu zetu wapendwa, kwa furaha isiyo na kifani tumeipokea barua yenu. Tangu tulipoisoma, mioyo yetu haijaacha kushukuru. Hatuna kipingamizi chochote, kiwe cha dini au cha ukoo. Binti ni wenu. Njooni hata kesho." Nilipomaliza nikaona kwamba ni nzuri. Nikamuuliza kama nimsomee. "Nisomee, binti, miwani nimeiacha kwa mama yenu." Nikaishika karatasi mbele ya uso wangu na kumsomea maneno yake mwenyewe, kutoka kichwani, bila kukosea hata moja: suala la dini ni zito, tupeni muda, mrudi mtuulize tena. Akaitikia kwa kichwa. Akatia sahihi kwa herufi kubwa, akinyanyua kalamu baada ya kila herufi. Nikaitia kwenye bahasha na kuifunga kwa ulimi wangu. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kubuni, na wasomaji wake waliiamini yote.

Majuma mawili yakapita, mwezi ukapita. Hakuna aliyekuja hata kesho wala keshokutwa. Kisha asubuhi moja pikapu ya maziwa ikaja na dereva mwingine, mtu mzima mwenye haraka, na Felista akayapima maziwa yake mara moja. Alimwandikia Elinami barua mbili, hakujibu. Mimi nilidhani ni kuchelewa tu. Nilikuwa nimekwisha kuichagua nguo ya kuvaa kwenye harusi, ya kijani, na nilikuwa nikiiangalia kila nikipita kwa fundi. Nilikuja kujua siku ambayo Mzee Ndelilio aliingia tena ofisini na kukaa kwenye benchi lile lile. Alikuja na posa nyingine. Ilikuwa ya Elinami yule yule, safari hii kwa binti wa Machame, Mlutheri mwenzao. Mama Haika aliniambia niichape mimi, naye akabaki anapiga soga na mzee.

"Wale wa Kilema imekuwaje?" akamuuliza.

"Tumewaacha," Mzee Ndelilio akasema. "Mama, mimi nimepeleka barua za watu tangu nina nywele. Sijapata kuona jibu kama lile. Mzee wa Kikatoliki, anapelekewa barua ya kwanza, na Walutheri, halafu anasema hana kipingamizi. Anasema njooni hata kesho. Kesho! Sisi wenyewe hatukuwa tumenunua hata majani ya chai."

"Si wamewapenda," Mama Haika akasema.

"Nani anampenda mkwe kabla hajamsumbua? Baba yake Elinami akaisoma mara tatu, akasema, hapa kuna jambo. Mtu hamtupi binti yake namna hii kama binti ni mzima. Ama ana ugonjwa, ama ana mimba ya mtu, ama kuna kitu cha ukoo wanakificha. Kijana alilia, si kwamba hakulia. Lakini ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Hamkuwauliza?"

"Utaulizaje swali kama hilo kwa watu wa watu? Tulinyamaza. Kunyamaza ni adabu."

Nilikuwa nimefika kwenye neno "familia". Nakumbuka nilichapa herufi f, kisha a, na kwamba mashine ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Nilielewa palepale kwamba jibu la Mzee Apolinari lilikuwa ndiyo. Lilikuwa ndiyo ya kwao, iliyovaa koti, inayotaka kuombwa mara mbili na tatu ili binti aende akiwa na thamani yake, na mtu yeyote kwenye mlima ule aliyekwisha kumwoza mtoto angelisoma hivyo. Mimi sikuwa nimemwoza mtu. Niliimaliza barua ya Machame, nikachapa kilichosemwa, neno kwa neno, bila kupamba. Mama Haika aliikagua na kunisifu. Ningeweza kusema pale pale. Mzee alikuwa bado amekaa, chai yake haijaisha, Elinami alikuwa bado hajaposa kwingine kwa kuwa posa yenyewe ilikuwa mikononi mwangu. Niliogopa kufukuzwa kazi. Hiyo ndiyo sababu yote, na nimeitafuta nyingine kwa miaka mingi bila kuipata.

Alasiri ile Felista alikuwa amelala upande wake wa kanga, viatu miguuni. Alikuwa ameshasikia habari za Machame sokoni. Hakuwa analia. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Wewe ndiye uliyechapa. Baba aliwaambia nini?" Nilikuwa nimeshika sufuria ya maziwa. Nikamjibu, "Unamjua baba yako." Maneno matatu. Hayakuwa uongo wa moja kwa moja, na katika maisha yangu ya kutunga sijawahi kuandika mengine yaliyofanya kazi kubwa hivyo. Felista akasema, "Nilijua." Kisha akageukia ukutani, na nikaimimina ile sufuria kwenye vikombe viwili, na tukanywa, kila mmoja upande wake.

Asiyetoka kwetu inabidi aelezwe Krismasi. Mwezi wa Desemba kila mtu wa mlimani, awe Dar es Salaam, awe Mwanza, hurudi nyumbani. Mabasi hujaa, vihamba vyetu vya migomba na kahawa vilivyokaa kimya mwaka mzima vinajaa watoto wasiojua Kichagga, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa, mnyama anachinjwa, na kila mtu ana kipande chake kinachojulikana. Mtu asipopanda mlimani Krismasi, majirani huuliza kama ni mgonjwa au amefungwa. Mwaka ule Felista hakupanda. Alibaki Bomang'ombe, mgahawa umefungwa, mji mtupu, akala ugali na dagaa. Baba yake alishuka tarehe ishirini na saba akiwa na nyama iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Nilikuwa nimerudi, nilimkuta amesimama mlangoni. "Mwanangu," akasema, "mimi niliwajibu vizuri." Felista akamwambia, "Shikamoo baba," akaipokea nyama, akaiweka juu ya meza na kuendelea kufua. Mzee alinitazama. Alinitazama kama mtu anayemtazama shahidi. Nami nikatazama ndoo.

Miezi michache baadaye niliacha kazi kwa Mama Haika na kuhamia Moshi mjini. Huko nilianza kuandika hadithi za kuchekesha za gazetini, na ya kwanza ilikuwa ya mpiga chapa anayechanganya barua mbili za posa. Watu walicheka sana. Mhariri akaomba nyingine. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwandishi, na wanaouliza habari za vipaji na msukumo wanisamehe kwa kuwapa jibu jingine miaka yote hii. Felista alizisoma zote. Tulibaki marafiki, tulitembeleana, alifungua mgahawa wake mwenyewe wa maziwa, na kila kitabu kilipotoka nilimpelekea nakala. Alikuwa akicheka kabla hajafungua. "Huyu mpiga chapa wako ni mjinga," aliwahi kuniambia, "lakini ana roho nzuri." Hakuolewa. Hakusema kama ni kwa sababu ya Elinami, na mimi siandiki hapa kwamba ni kwa sababu hiyo. Ninachokijua ni kwamba kwa miaka kumi na sita hakupanda mlimani Krismasi baba yake akiwa hai, na siku ya kumzika alisimama nyuma, karibu na zizi, kama jirani. Kila mwaka nilijiambia nitamwambia. Kila mwaka nilikuwa na kitabu cha kumalizia. Alipougua, akapelekwa kwa mama yake, nilikwenda mara nne, na mara zote nne tulizungumza habari za maziwa.

Tulimzika Felista Jumamosi. Misa ilikuwa ndefu, padri akamsifu kwa usafi wa mgahawa wake. Akalazwa kihambani, kati ya migomba, kando ya kaburi la baba yake, kwa kuwa hapakuwa na kihamba cha mume cha kumpeleka. Nilitupa udongo wangu. Wanawake waliokuwa karibu nami waliangua kilio, na mmoja akaniegemea begani, nikamshika vizuri asianguke. Niliona kwamba udongo ni mwekundu na kwamba nyuki walikuwa kwenye ua la mgomba. Watu waliniita jasiri.

Nililala kule, na siku ya pili asubuhi, baada ya chai, nilimkuta Mama Felista jikoni peke yake. Wakwe zake walikuwa nje wakiosha masufuria ya msiba na hawakutaka afanye kazi, lakini alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, karibu miaka tisini, akimenya ndizi za machalari, zile za kupikwa na nyama, kwa ajili ya wageni waliobaki. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Chukua kisu." Nikachukua. Tukamenya ndizi kama kumi. Kisha nikamwambia. Sikuweka mzaha na sikuweka mapambo; nilimwambia Mzee Apolinari alisema nini akiwa amesimama, mimi nikachapa nini, nikamsomea nini, na Felista aliponiuliza nikamjibu nini. Nilisema mpaka mwisho, ikachukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Hata sura moja isingejaa. Nikamwambia, "Nisamehe, mama."

Hakuacha kumenya. "Usiniombe mimi," akasema. "Wa kuombwa wako pale mgombani, wote wawili." Alisema bila ukali, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. Halafu kisu chake kikasimama. "Jioni ile mzee aliporudi kutoka Bomang'ombe alikuwa anapiga mluzi. Akaniambia, Mama Felista, nimewajibu vizuri, watarudi kabla ya Krismasi, tutengeneze choo. Akatengeneza choo. Hawakuja. Nikamwambia, mzee, umewatukana watoto wa watu kwa ajili ya dini yako, na sasa unanificha. Akaapa. Nikamwambia asimwingize Mungu. Mwaka hadi mwaka akitaja jambo hilo nilikuwa natoka chumbani."

Nikasema, "Mama, hukujua."

"Nilikaa naye miaka arobaini na nne," akasema. "Mwishoni alikuwa amelala chumba kile pale. Nilikuwa namlisha uji mchana. Akanishika mkono wenye kijiko, akaniuliza, 'Wewe je, hata wewe huniamini?'"

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie, na ndipo kile nilichokisubiri tangu simu ilipoita kikaja, nikajua ni aibu, na kwamba ilikuwa imekaa ndani yangu muda wote huo.

"Nikamwambia, 'Meza uji.'"